Mwali Yuko Angani

Tulimwacha Hafidhi katikati ya kibanda chake cha kutengeneza simu pale Kilindoni, kanzu mpya imenyooka kwa pasi, simu sikioni. Alikuwa amempigia mchumba wake Biubwa asubuhi ya siku ya ndoa yao. Aliyepokea ni mwanamume, na nyuma yake kulikuwa na muungurumo wa ndege.

Wiki nzima mmeniandikia mkitaka kumjua huyo mwanamume. Wengine mmeshamhukumu Biubwa bila hata kumsikiliza. Haya, msinikimbize, nawaambia.

"Haloo," ilisema ile sauti. "Tuko angani, bwana. Piga baadaye."

Simu ikakatika.

Hafidhi hakuhitaji kuuliza jina. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Damian, mtu wa Morogoro, anayefundisha hesabu shule moja na Biubwa. Ndiye aliyewahi kusema mbele ya walimu wenzake kwamba angekuwa Mwislamu, angempelekea Biubwa posa kabla fundi simu hajazinduka. Walimu walicheka, naye Biubwa alicheka. Hafidhi aliposimuliwa hakucheka. Tangu siku hiyo, simu ya Mwalimu ikiharibika ilikaa kibandani wiki nzima, hata kama tatizo ni vumbi tu kwenye tundu la chaji.

"Shamsa," alimwita dada yake, "Biubwa ametoroka."

Shamsa alikuwa anapiga fundo uzi wa kifungo cha koti la harusi. Hakuinua hata kichwa.

"Ametorokea wapi? Mwali yuko ndani kwao Baleni, anasingwa kwa liwa na manukato."

"Tazama."

Akamwonyesha ramani kwenye kioo cha simu. Miezi kadhaa nyuma Hafidhi mwenyewe aliiwekea simu ya Biubwa ile programu ya kutafuta simu iliyopotea. Alimwambia ni kwa ajili ya wezi. Kwa Kilindoni, mwizi wa simu watu humjua kwa jina, na ukiitaka simu yako unamwendea mama yake. Lakini Biubwa hakubishana. Kwa hiyo kila alikokwenda, kidoti cha bluu kilikwenda naye, na Hafidhi alikitazama kidoti kile kuliko alivyotazama kazi za wateja.

Asubuhi ile kidoti kilianzia Baleni kikaja mpaka uwanja wa ndege. Sasa kilikuwa juu ya maji, kimeshaipita Ras Kisimani, kinaelekea bara.

"Yumo kwenye boti," alisema Shamsa.

"Boti gani hiyo inayofika huko kabla chai haijapoa? Na ule muungurumo niliousikia ni wa boti?"

Shamsa akaweka sindano chini.

Nyinyi wasomaji mnajua kilichokuwa hatarini. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya swala ya alasiri, msikitini Baleni. Masufuria ya pilau yalishateremshwa stoo. Ndugu walishavuka kutoka Juani na Jibondo. Hafidhi akiingia msikitini na mwali hayupo, atachekwa kisiwa kizima, na Mafia mtu huchekwa mpaka wajukuu wake wachekwe. Lakini aibu ilikuwa kitu cha pili. Alimpenda yule mwanamke, na hakuweza kuiwazia hata siku moja bila yeye.

Dawa ilikuwa nyepesi: aende akamwangalie. Ila bwana harusi hakanyagi nyumba ya mwali kabla ya ndoa. Akikanyaga, somo wa mwali, yaani kungwi wake, ana haki ya kumtoa kwa ufagio, na somo wa Biubwa alikuwa shangazi yake Bimkubwa, mwanamke asiyependa ufagio wake ukae bure.

Hafidhi akapiga moyo konde, akampigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana harusi. Mbona unapiga simu badala ya kuoga?"

"Nimeshaoga. Nataka kumsikia Biubwa. Neno moja tu."

"Mwali hasemi na mume kabla ya ndoa."

"Basi akohoe."

"Mwali hakohoi."

"Simu yake iko wapi, shangazi?"

Bimkubwa akanyamaza. Mama yule hukaa na jibu mdomoni kabla hujamaliza swali, na kunyamaza kwake kulimtisha Hafidhi kuliko tusi.

"Ninayo mimi," alisema hatimaye. "Nilimnyang'anya jana jioni. Mwali wa nini na simu? Nimeifungia."

"Vizuri. Sasa hivi naipiga, uipokee."

Bimkubwa akakata.

Hafidhi akaona yamethibitika. Shangazi mtu alikuwa anamficha mtoro.

"Nenda Baleni," alimwambia Shamsa. "Wewe ni mwanamke, hawawezi kukuzuia. Mwone kwa macho yako. Mimi nakwenda uwanjani."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Mngekuwapo, nina hakika mngemshika kanzu. Shamsa alijaribu, akabaki na kifungo mkononi. Akaita bodaboda, akashika njia ya Baleni.

Pale uwanja wa ndege alikuwepo Albina, binti wa kaunta, mwenyeji wa Bukoba. Naye alikuwa amealikwa harusini na nguo alishashona, kwa hiyo alipomwona bwana harusi anaingia na kanzu huku anahema, alisimama.

"Dada Albina, ndege ya asubuhi imebeba nani?"

"Kaka Hafidhi, habari za abiria siruhusiwi kuzitoa."

"Mwalimu Damian yumo?"

"Huyo kila mtu kamwona. Kaja mbio, nusura aachwe."

"Alikuwa na mwanamke?"

"Alikuwa na kopo."

"Sikukuuliza kopo. Nakuuliza mwanamke."

"Wanawake wamo, lakini sikuangalia nani yuko na nani. Kwani kuna nini?"

"Humo ndani yumo mke wangu."

Albina akamtazama. "Mke wako? Si unaoa leo?"

"Ndiye huyo ninayemuoa leo."

Mpaka hapo Albina angeweza kumwambia akae, anywe maji, atulie. Lakini aliifikiria nguo yake mpya, akafikiria pilau, na huruma ikamwingia. Akachukua redio, akamwita rubani.

Redio ikakoroma. Albina akauliza kama kuna bibi mmoja aitwaye Biubwa. Rubani akajibu kwamba yeye anaendesha ndege, hajui majina ya watu. Albina akauliza Mwalimu amekaa na nani.

"Mwalimu yuko kiti cha nyuma," ilisema redio, na wote pale ukumbini waliisikia. "Pembeni yake kuna mwanamke amejifunika gubigubi. Macho tu ndiyo yanayoonekana. Tangu tumepaa hajasema neno."

"Ndiye," alisema Hafidhi.

"Una hakika?" iliuliza redio.

"Ndiye. Muulizeni."

Ukumbi wenyewe ni mdogo. Walikuwapo wapakia mizigo, dereva wa bajaji, mama muuza kashata, na mzungu mmoja aliyekuja kuogelea na papa potwe. Mzungu peke yake ndiye hakuelewa, na dereva wa bajaji alimhurumia akamtafsiria. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili lilikuja kwa simu, kwani kila aliyekuwapo pale alitoa yake mfukoni.

Hafidhi akakaa kwenye benchi la abiria, akashika kichwa. Alitamani ndege irudi. Alitamani isirudi. Hakujua atamwambia nini Biubwa akimwona anashuka ngazi mkono kwa mkono na mwalimu wa hesabu.

Simu yake ikalia. Namba ya Damian.

"Hafidhi, mimi Mwalimu. Bado niko angani. Tumeshuka kidogo, mtandao umekuja, nasema upesi kabla rubani hajanitupa nje."

"Nipe Biubwa."

"Biubwa gani, ndugu yangu? Huyu aliyekaa nami ni bibi wa Jibondo, anakwenda Dar kung'olewa jino. Amefunika mdomo kwa sababu shavu limevimba. Rubani amemuuliza mbele ya watu wote kama yeye ni bibi harusi aliyetoroka, na sasa amekasirika sana. Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

"Mbona umepokea simu ya mchumba wangu?"

"Ilikuwa inalia ndani ya visheti."

"Ndani ya nini?"

"Visheti. Nilipita Baleni asubuhi kuaga, nikapewa kopo la maziwa ya unga limejaa visheti, nimpelekee Luqmani, kaka yake Biubwa, maana kazini wamemnyima ruhusa ya kuja. Tumepaa tu, kopo likaanza kulia. Watu wote wananitazama. Nikafungua, nikakuta simu imelala juu ya visheti. Sikujua ya nani. Nimepokea ili inyamaze."

"Na wewe unasafirije siku ya harusi ya mwenzako?"

"Mke wangu huko bara ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, Hafidhi. Mtoto wa kwanza. Unafikiri ningeacha pilau ya Bi Bimkubwa kwa sababu nyingine?"

Hafidhi akaihamishia simu sikio la pili.

"Halafu nikwambie kitu," aliendelea Mwalimu, na sasa sauti yake ilikuwa inaingia na kutoka. "Kioo cha hii simu kina picha yako. Umevaa miwani ya jua, umejikunja kama mtu mwenye fedha. Mwanamke anayetoroka haweki..."

Mtandao ukaondoka naye.

Jamani, furaha iliyompata Hafidhi siwezi kuieleza. Alisimama, akamshika Albina mikono, akamwambia mwali yuko ndani, ni kopo tu, kopo la visheti. Akawaambia wapakia mizigo. Akamwambia mzungu. Akamwomba Albina amjulishe rubani kwamba mambo yamekwisha.

"Nimwambie nini tena?" alisema Albina. "Ndege nzima imeshajua unamtafuta mkeo. Na hawa hapa wameshapiga simu zao."

Hapo ndipo Hafidhi alipowatazama wale watu, mmoja mmoja, na simu zao mikononi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tumwache hapo, twende Baleni.

Shamsa alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele uani walinyamaza wote kwa pamoja, na yeye akajua kuwa habari imemtangulia. Akapita moja kwa moja mpaka chumba cha ndani. Mlangoni alisimama Bimkubwa, kanga ameifunga kiunoni, makombo ya visheti yamemjaa kifuani.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kumwona mwali."

"Marahaba. Mwali haonwi."

"Mimi ni wifi yake."

"Hata wifi."

"Mwache apite, shangazi," ilisema sauti kutoka ndani. "Aje aone kama nimo."

Biubwa alikuwa amekaa juu ya mkeka, amepakwa liwa ya manjano mpaka shingoni, mikono ameinyoosha mbele hina ikauke. Alikuwa mzuri kweli, na Shamsa alishusha pumzi.

"Karibu, wifi," alisema Biubwa. "Nasikia nimetoroka. Nimefika wapi sasa hivi?"

Shamsa akacheka. Halafu akaona kwamba mwenzake hakucheka.

"Aliona simu yako iko baharini, wifi. Akachanganyikiwa."

"Simu nilimkabidhi shangazi jana jioni."

Wote wawili wakamgeukia Bimkubwa. Mama mzima akakaa juu ya sanduku, na mambo yakamtoka bila kuulizwa mara ya pili. Aliificha simu kwenye kopo la visheti, kwani nani atafikiria kuitafuta humo? Makopo yalikuwa mawili, yanafanana, moja la wageni na moja la Luqmani. Asubuhi Mwalimu alikuja mbio, pikipiki inamngoja nje, na Bimkubwa mikono imejaa tui. Akaagiza apewe kopo moja. Akapewa lile.

"Hafidhi alipopiga ndipo nikaliangalia kopo lililobaki," alisema. "Nimelimwaga lote. Ningemwambiaje? Wali wangapi nimewafunda mimi, leo niseme nimepeleka simu ya mwali Dar es Salaam? Nimevila hivyo visheti kwa wasiwasi mpaka tumbo linaniuma."

Shamsa alimpigia kaka yake palepale.

"Yupo," alisema. "Nimemwona."

"Najua. Ni kopo. Damian kanieleza kila kitu."

"Na yeye anajua."

"Anajua nini?"

"Kila kitu. Mpaka pale redio ilipouliza una hakika, ukasema ndiye."

Hafidhi akawapa kisogo watu wa ukumbini.

"Amesema nini?" aliuliza Hafidhi.

"Hajasema kitu. Ameomba maji ya kunywa."

Alasiri iliswaliwa. Hafidhi alikaa safu ya mbele, na nyuma yake alisikia watu wakinong'ona habari za ndege. Mzee mmoja alimgusa bega, akamuuliza kwa upole kama mwali ameshatua.

Sheikh Muhidini, baba mdogo wa Biubwa na walii wake wa ndoa, alichukua mashahidi wawili, akavuka nao kiwanja mpaka nyumbani. Akasimama nje ya mlango wa chumba.

"Biubwa, mwanangu," alisema, "nataka kukuozesha Hafidhi kwa mahari mliyoafikiana. Umeridhia?"

Kimya.

Kwa desturi, mwali akinyamaza ameridhia, haya ndiyo iliyomfunga mdomo. Bimkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaomba siku ile iishe, hakungoja.

"Kanyamaza, Sheikh. Karidhia. Nendeni mkafunge."

Kigelegele kikaanza pembeni ya ua.

"Sijanyamaza," ilisema sauti ya ndani. "Nafikiri."

Kigelegele kikakatika.

"Unafikiri nini?" aliuliza Sheikh.

"Baba mdogo, mimi nimekaa humu ndani wiki nzima kwa ajili yake. Jua sijaliona. Nimesingwa, nimefundwa, nimepokonywa simu, na yote nimeyaona matamu kwa sababu yeye ndiye mwisho wake. Yeye asubuhi moja tu ya kutonisikia, amekwenda kumwambia rubani nimetoroka." Sauti ikapasuka, ikajikusanya tena. "Sina hasira. Nimeumia."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Nataka aulizwe. Siku simu yake itakaposema nipo kule, na mimi nikasema nipo hapa, atamwamini nani?"

Sheikh Muhidini alikuwa amepeleka majibu ya wali wengi msikitini. Swali hakuwahi kupeleka. Alitengeneza kilemba chake, akarudi alikotoka, na akalisema mbele ya watu wote jinsi alivyoambiwa, bila kupunguza.

Wanaume wakamgeukia Hafidhi. Jibu zuri lilikuwa rahisi, hata mtoto angelitoa, na Sheikh alikuwa anangoja alibebe. Hafidhi aliona si jibu la kutumwa kama salamu.

Akainuka. Akatoka nje, akavaa kandambili za mtu mwingine, akavuka kiwanja. Msikiti wote ukamfuata, maana hapakuwa na mtu wa kukubali kuhadithiwa.

Bimkubwa alimwona anakuja, akatanda kanga mlangoni kwa mikono miwili. "Hapiti mtu hapa. Ndoa haijafungwa."

"Sipiti, shangazi. Nasimama hapahapa."

Akasimama mbele ya ile kanga iliyoziba mlango, watu uani wamejaa.

"Biubwa," alisema. "Ni mimi. Tangu siku uliponikubali naogopa. Naogopa ulikosea, na iko siku utagundua. Ndiyo maana kila siku nilikuwa nakuangalia kwenye ramani, hata ukiwa darasani, nikijua uko darasani. Nimekukosea mbele ya watu, basi mbele ya watu naomba radhi. Nikikuuliza uko wapi, jibu lako litanitosha. Nakupenda. Sina zaidi."

Wanaume wa Baleni hawajazoea kusikia maneno kama hayo mchana. Wengine walitazama miguu yao.

Sheikh Muhidini akasogea. "Biubwa, mwanangu. Nakuuliza tena. Umeridhia?"

Bimkubwa akafungua mdomo kusema mwali karidhia, Sheikh akamnyooshea kidole, akaufunga.

Sauti ikaja. Ilikuwa ndogo, na maneno yenyewe machache. Waliyasikia watu watatu tu waliokuwa karibu na mlango. Bimkubwa aliachia kanga ikaanguka. Hafidhi akakaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe, mikono usoni.

"Kasema nini?" watu waliulizana huko nyuma. "Kasema nini?"

Sheikh akawageukia.

"Rudini msikitini, nyote," alisema. "Bwana harusi atabaki hapa."

Alilosema Biubwa, wasomaji, nitawaambia wiki ijayo.